Akaunti ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mhasibu wetu hapa dobi ya hospitali — tunamwita Profesa — kaniganda wiki nzima: weka programu ya kupanga fedha kwenye simu, unganisha akaunti zako za uwekezaji, uone zote pamoja. Haya. Ninazo mbili tu: vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja na hisa kidogo. Nikaingiza namba ya kitambulisho, nikakubali masharti bila kusoma (nani husoma!).

Zikaja tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu kwenye kampuni ya mfuko saa ya chai. Dada wa huduma kwa wateja, sauti ya asali: hakuna makosa, ni yangu. Marehemu baba alinifungulia nikiwa na miaka tisa. Msimamizi mpaka nitimize kumi na minane — kaka yangu. Salio: sifuri.

Baba! Mwenye koti moja miaka yote.

Alhamisi, 6 Machi

Taarifa ya akaunti imefika. Baba aliweka kila mwezi, hata mwezi aliolazwa. Vipande vyote vikauzwa siku moja, miezi minne baada ya kumzika. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Muhula uleule nilifukuzwa chuo cha upimaji ardhi kwa kukosa ada. Kaka akaniambia, vumilia mdogo wangu, mzee hakuacha kitu. Akaninunulia viatu vya kuanzia kazi hapa. Nikamshukuru. Nilimshukuru!

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nafua nguo za watu kutwa, miaka kumi na mmoja, na sikukiona.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata kaka dukani kwake, kwenye mabati na rangi. Nikamwonyesha simu. Hakuuliza ni nini. Akafunga droo polepole.

"Zilikuwa za familia."

"Zilikuwa kwa jina langu, kaka."

"Na dawa za mama nani ananunua? Wewe?"

Eti nisifukue makaburi. Wifi kaleta soda; sikuigusa. Akaingia mteja anataka misumari, kaka akamgeukia — "karibu, mzee wangu" — kwa upole uleule wa siku aliponiambia nivumilie.

Jumapili, 9 Machi

Profesa kanichapishia fomu ya malalamiko. Inataka sahihi ya shahidi wa siku akaunti ilipofunguliwa. Nimetazama nakala ya fomu ya kufungulia akaunti, iliyokuja na taarifa. Shahidi — mama.

Alikuwa anajua!

Kabla sijampigia, kapiga yeye. Kaka kashamwahi. Usimwage mtama penye kuku wengi, anasema. Nikamuuliza: mama, siku narudi na sanduku langu kutoka chuo, ulijua? Televisheni yake inaimba. Halafu anasema ningeolewa tu, upimaji wa ardhi ulikuwa wa nini.

Sikulia. Nimemwambia kesho nakuja, nina karatasi ya kusaini.

"Kaka yako ameiona?"