Bustani Iliyoota kwa Uvivu

Ole, Pemba
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, uiweke akiba, maana barua hii ina mahali pa kukukasirisha. Goti lako la kushoto linasemaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeshaigawa kwa jirani kama kawaida yako? Na mbuzi wa mama mdogo alishazaa? Mimi ni mzima, nakula, nalala, ila kiuno kinauma na viganja vimetoka malengelenge, na sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikisema "Mama, nimekosea," unaanza kunisema kabla hata sijafika kwenye kosa. Karatasi huwezi kuikatiza. Mwalimu mwenzangu anapanda boti kesho bandari ya Mkoani, anakwenda mpaka Dodoma, ameahidi ataituma kwa basi ikufikie hapo Singida. Kaa, vaa miwani, soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Ni habari ya bustani. Ile niliyokusifia tangu masika, ukawasimulia kina mama wote wa kwaya kwamba Tumaini siku hizi ni mtu wa maua. Mama, sikupanda hata ua moja. Yale maua yaliota kwa sababu niliacha kufagia.

Haya, nakusikia. Ngoja kwanza.

Nimepanga kwa Bi Riziki, mjane mmoja mpole anayekaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Mbele ya nyumba aliyonipa kuna uwanja mpana ajabu, hauna mti wala jani. Ole kwingine kote ni kivuli, mikarafuu na minazi imebanana mpaka kuku wanatafuta jua. Pale kwangu tu ndipo linapopiga asubuhi mpaka magharibi. Mwezi wa kwanza nilifagia kila alfajiri kama ulivyonilea, na fagio la njukuti, mgongo umepinda, naanza mlangoni sifiki mwisho. Mvua zilipoanza nikasema leo sifagii, nina madaftari ya kusahihisha. Kesho yake nikasema vilevile. Wiki ya pili sikuhitaji hata sababu.

Basi ardhi ikafunguka. Kwanza yakatambaa maua madogo ya buluu wanayoyaita kongwa, yanafumbua asubuhi na kufumba mchana. Yakafuata ya njano, sijui jina. Kivumbasi kikasimama ukutani kinanukia. Uani mwafu, ile yasmini ya mwituni, ukapanda wenyewe juu ya ua wa makuti, ukamwaga maua meupe yenye harufu ya harusi. Kila siku nikirudi kutoka shule nakuta jipya. Mama, mimi ninayekimbia jembe tangu utoto, nilikuwa napiga magoti kwenye majani nayasalimia maua mojamoja.

Na usisahau nilivyokuwa mpweke. Watu wa hapa wana adabu, njia nzima ni "Bi Mwalimu, hujambo?" lakini aliyekuwa akiingia kwangu hakuwapo. Nilikuwa nakula peke yangu nikiutazama ukuta. Maua yalipochanua, wakaanza kuja.

Wa kwanza alikuwa Bi Mize, mama mmoja mnene mcheshi wa nyumba ya chini. Akasimama ukingoni, mikono kiunoni, anatazama maua, anatazama mbingu.

"Bi Mwalimu, jua pano lingali lapiga vyema?"

"Jua la kutosha, Bi Mize! Tangu asubuhi mpaka magharibi!"

"Alhamdulillahi," akasema, akashusha pumzi kama aliyepokea habari ya mgonjwa kupona. Nikasema moyoni, angalia mtu anavyoyapenda maua.

Akaja Mzee Faki, jirani wa upande wa msikitini. Yeye aliingia kabisa, kanzu yake nyeupe, akatembea kisigino kwa kidole, kisigino kwa kidole, anahesabu kwa midomo. Nikajua anapima ili akatengeneze bustani yake. Nikamfuata nyuma namweleza, hili hufumba mchana, Mzee, hili ukilifikicha linanukia. Akasikiliza kwa heshima zote. Alipotoka, kanzu yote imeshonwa vishonanguo mpaka magotini, na adhana inaita.

"Mashaallah, yamestawi," akasema huku anayabandua. "Na haya yatakaa hata lini?"

"Hata mwisho, Mzee!"

"Hata mwisho," akarudia polepole, akaenda zake.

Wakaja na wengine, kila wiki, mwezi wa sita kuliko wa tano, wa saba kuliko wa sita. Nikazidi kuvimba kichwa. Nikakata maboksi, nikaandika kwa kalamu nene TAFADHALI USIKANYAGE MAUA, nikasimika vibao vinne. Watu wakavisoma, wakatazamana, wakasema "Lahaula!" Mimi Mkristo wa Singida nitajuaje? Nikadhani ndivyo wanavyosifia. Nikawa naitikia, "Ahsanteni, ahsanteni." Hata Bi Riziki mwenyewe nilimuuliza kama maua hayamuudhi, akasema, "Uwanja ni wako, mwanangu, madhali umo nyumbani." Akameza mate. Nikaona ameguswa.

Sasa jana. Jumamosi, saa mbili asubuhi, nafungua mlango nakuta ukingoni mwa uwanja wamesimama watu kumi na zaidi. Bi Riziki, Bi Mize, Mzee Faki, na majirani wengine, kila mmoja na jamvi lililokunjwa kichwani, na vikapu, na magunia. Wananitazama.

Mama, nilifurahi mpaka nikataka kulia. Nikajua wamekuja kukaa bustanini. Wote kwa pamoja, na vyakula wamebeba!

"Karibuni, jamani! Karibuni! Mbona mmesimama? Tandikeni majamvi!"

Wakatazamana. Bi Riziki akauliza kwa sauti ndogo, "Tutandike, Bi Mwalimu?"

"Tandikeni! Tangu lini mnauliza?"

Nikakimbilia jikoni. Nikachemsha sufuria nzima ya chai ya maziwa, nikakata mikate ya boflo yote iliyokuwamo, nikapanga vikombe nilivyo navyo na viwili vya kuogea. Ninatoka na sinia nikitabasamu kama bibi harusi.

Uwanja haupo. Maua hayapo. Ni majamvi tu, ukuta kwa ukuta, na juu yake wanamwaga karafuu mbichi, gunia baada ya gunia, wanazisambaza kwa viganja. Kibao changu kimoja Mzee Faki amekichomoa vizuri, amekilaza pembeni kisije kikavunjika.

Nikapiga ukelele. "Maua yangu! Jamani, mnayaua maua yangu!" Nusu ya chai ikanimwagikia mguuni, nikaongeza ukelele wa pili.

Kisha Mzee Faki akainama, akaanza kuzikusanya karafuu zake. "Tusamehe, Bi Mwalimu. Tulidhani umeturuhusu." Hakuna aliyebisha. Wakazizoa zote, wakakunja majamvi, na Bi Mize alikuwa anainua mashina yaliyolala anayasimamisha kwa vidole, hayasimami, anajaribu tena. Afadhali wangenitukana. Wakaondoka na magunia yao mmojammoja, wakaniacha na sinia.

Aliyebaki ni Bi Riziki. Alikaa kibarazani akanywa chai ili nisiaibike peke yangu. Nikamwuliza kulikoni. Ndipo akanieleza, polepole, kama anayemweleza mtoto habari ya msiba. Msimu wa kuchuma ndio umeanza, na karafuu ikishachumwa inataka jua hapohapo. Ikikosa jua inavunda, inapauka, inaitwa mpeta, na mwaka mzima wa kazi umepotea. Na jua la mtaa ule liko pale kwangu tu. Tangu enzi za baba mkwe wake kila nyumba ina mahali pa jamvi lake katika uwanja ule, mtoto anarithi kwa mzazi, na hakuna aliyewahi kugombana na mwenziwe.

"Kwa hiyo walipokuwa wakija..."

"Walikuwa watazama pahala pao."

"Miezi yote hii! Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini, mwanangu, nawe wafurahi?"

Mama, masikio yalinichoma kwa haya. Kuwazuia watu riziki yao ni aibu kubwa, lakini nitakwambia ukweli, si hiyo iliyoniuma zaidi. Kilichoniuma ni kujua kwamba miezi saba sikuwa nimepata mgeni hata mmoja. Wote walikuja kwa ajili ya uwanja. Yale maelezo yangu yote ya kongwa na kivumbasi, nilikuwa nawaeleza watu wanaohesabu hatua. Nikalia pale kibarazani mbele ya mwenye nyumba, makamasi yote. Halafu nikakasirika, na nikikasirika unajua nimemrithi nani.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Faki. Nikamkuta amezianika karafuu chini ya mwembe, anasogeza jamvi kufuata vijua vinavyopenya matawini.

"Mzee Faki, naomba jembe."

"La nini, Bi Mwalimu?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina miezi saba. Mmenichelewesha sana!"

Mzee wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Akanipa.

Nikaanzia mlangoni. Kila pigo nasema samahani, kwa maua au kwa watu sijui. Sijafika hata robo, nasikia nyuma yangu, "We Bi Mwalimu, wapalia au wapapasa?" Bi Mize, na jembe lake. Akaja Bi Riziki na mundu, wakaja na wengine wote, na maneno hayakuisha: Singida hamna majembe? Nani alikufundisha kushika hivyo, au ndivyo washikavyo chaki? Nikawajibu, maana mdomo sijaazima. Tulicheka, Mama. Adhuhuri haijaingia, majamvi yakaanza kurudi, kila moja linakwenda mahali pake bila kuuliza, na Mzee Faki anapita kisigino kwa kidole anahakikisha.

Kikabaki kipande kimoja katikati, hakijaguswa. Kongwa limejaa, ya njano yamo, kivumbasi kimoja. Nikadhani wamekisahau. Nikanyanyua jembe, Bi Mize akanishika mkono.

"Hapo usipige. Pana mwenyewe."

"Nani? Nimsafishie."

"Wewe. Kila nyumba ina jamvi lake, hilo lako."

"Bi Mize, mimi sina karafuu!"

"Basi anika maua," akasema, akaendelea kusambaza karafuu zake.

Nilisimama pale na jembe mkononi. Nilitazama pande zote. Walikuwa wamebanana, majamvi mengine yamepandana ncha, jamvi la Mzee Faki limekunjwa upande mmoja kwa kukosa nafasi, na katikati yao wameniachia mahali palepale pa jua kali kuliko pote.

Leo tumeshinda tunazigeuza. Nami nageuza, wananikosoa, nanuka karafuu mpaka nywele.

Msalimie kaka Elia, mwambie kaka mkubwa hajibu salamu za dada yake kwa kutuma vikatuni. Msalimie mama mdogo pamoja na mbuzi wake. Shangazi mwalimu wa kwaya umpe pole ya kifua, na umwambie asiimbe mpaka kipone hata wakimbembeleza. Binamu yangu fundi cherehani aache kuuliza kama nimepata mchumba wa visiwani. Na babu umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Jambo la mwisho, Mama, na naomba ulifanye hata kama umekasirika. Najua huko mmeshaanza maombi ya mvua, na najua sauti yako inavyofika mbali. Mwombe Mungu awape, iwanyeshee mpaka mchoke. Ila umtajie na Ole kwa jina, umwambie kuna mawingu mazito tangu asubuhi na ayapitishe baharini. Siku nne tu. Karafuu zetu hazijakauka.

Ni mimi mwanao mwenye malengelenge,
Tumaini