Nywele Zako Nilizompa Baba Mdogo

Mama,

Zile nywele ni mimi niliyezitoa. Wewe hukukubali. Mimi ndiye niliyemwambia Baba Mdogo kwamba umekubali, na mpaka leo sijamwambia mtu.

Naandika kwenye kurasa zilizobaki za daftari langu la sayansi. Mpunga umeanikwa uani na kila mara nasimama kufukuza kuku, kwa hiyo mwandiko ukienda kombo ujue ni hao. Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yametoka, langu halimo. Nilipoambiwa nilisema, "Haya," nikaendelea kuchota maji. Sijalia, Mama, hata siku ile ya kukuzika. Nilipepeta mchele wa msiba mpaka ukaisha, halafu nikaanza kupepeta uleule niliokwisha kuupepeta, mpaka jirani yetu Mama Skola akaninyang'anya ungo.

Unakumbuka mtoto wa Shangazi Redempta alipofariki. Ukoo wote ulivuka mto kwa pantoni kwenda kwa yule mnyoaji, kila mtu anyolewe nywele zote na anywe dawa, kwa sababu walisema dawa yenyewe itamjua mchawi, na mchawi akirudia kazi yake itamuua. Baba alinyolewa. Baba Mdogo alirudi na ile kofia yake ya uchaguzi imemshuka mpaka masikioni. Jumapili wakapanga mstari wa komunyo, vichwa vinang'aa, na wewe katikati yao na mabutu niliyokusuka mimi.

Pale bombani Shangazi alikuuliza mbele ya watu, "Wifi, mbona unaogopa wembe? Umeficha nini humo kichwani?"

Ukamjibu, "Chawa, wifi. Njoo uwatafute."

Wote walicheka. Shangazi naye alitaka kucheka, akageuka akajifanya anafunga kata yake ya kubebea ndoo.

Lakini nyumbani hukucheka. Uliniambia, "Nila, kichwa hiki kilimwagiwa maji ya ubatizo. Sikipeleki kwa mtu mwingine akakipima. Siku ya kuhukumiwa nitasimama mbele ya Mungu, si mbele ya mwenye wembe." Mama Skola alikuwepo, amekuja kuazima chumvi. Naye akasema kama Mama Nila hanyolewi, na yeye hanyolewi. Katekista alipopata habari alikusifu kwenye jumuiya, ukainamisha uso.

Halafu miguu ikaanza kuvimba. Daktari wa Ifakara alisema moyo umechoka, na kwamba umechoka tangu zamani, akakupa vidonge. Hayo yalikuwa kabla ya nywele. Nayaandika ili niyaone mwenyewe. Yalikuwa kabla.

Tuliporudi nyumbani Mchombe hakuna aliyekuja kukujulia hali. Wali uliompelekea Shangazi ulirudi vilevile, umefunikwa kwa kawa letu. Akasema mavuno yakiisha hujanyolewa, utarudishwa Chita kwa kaka zako, na sisi watoto tutabaki. Nilimtazama Baba mdomo nikingoja, akainuka akaenda zake uani.

Mimi niliogopa, Mama. Ndivyo ilivyokuwa, sina neno jingine.

Siku moja ulisema kichwa kinakuwasha, nikufumue nikuchane. Ulikaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea magoti yangu. Nywele zilitoka nyingi, nadhani kwa sababu ya ugonjwa. Wengine huzichoma au huzitupa chooni zisiokotwe na mtu. Wewe siku zote uliniambia nifagie tu na takataka nyingine, maana Mungu anazijua zote, hata zilizoanguka. Safari hii sikufagia. Ulipolala nilichana ukurasa wa daftari hili hili, nikazifunga, nikamfuata Baba Mdogo barabarani. Alikuwa na baiskeli, anaelekea pantoni. Nikamwambia, "Mama amekubali. Amesema hawezi kusafiri, umpelekee mnyoaji hizi." Alizipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mungu asifiwe."

Kesho yake Shangazi alikuja na uji. Alikuosha miguu, akaimba. Watu wa ukoo wakaja mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekutajia nywele, maana Baba Mdogo aliwaambia wasikuaibishe. Wewe ulifurahi sana. Ulisema Mungu amewalainisha mioyo. Ulinishika mkono, ukamshukuru kwa sala ndefu, pumzi inakatika katikati, na mimi nikaitikia amina.

Hiyo amina ndiyo ninayoamka nayo.

Ulifariki siku ya kumi tangu nizitoe nywele. Shangazi alisema dawa imekukuta kupitia zile nywele, kwamba isingekuua kama ungekuwa safi. Wengine walisema afadhali mwishoni ulikiri, ukatoa nywele mwenyewe. Makaburini katekista alisoma masomo na sala zote, lakini hakusema lolote kuhusu ulivyokataa wembe. Nilingoja aseme. Wiki iliyofuata Mama Skola alivuka mto akanyolewa. Aliniambia, "Mama yako alikuwa na imani kuliko mimi, na yeye alikubali. Mimi ni nani?" Nilitazama kichwa chake, kilikuwa na mkwaruzo wa wembe juu ya sikio.

Nimefikiri sana juu ya hukumu. Yule mnyoaji hamwulizi mtu amefanya nini. Mwema na mbaya anawanyoa kwa wembe mmoja, na akifa mtu yeyote, wanasema dawa imesema kweli. Huyo si Mungu, Mama. Hajui lolote. Hakujua hata kwamba nywele zile ziliibwa. Lakini Mungu aliniona barabarani na karatasi yangu mkononi, na mimi nilimwogopa Shangazi kuliko nilivyomwogopa Yeye. Simwogopi kwa ajili yako. Naogopa kwa ajili yangu, na kwa ajili ya Mama Skola, na Baba, ambaye nywele zake zimeota tena na bado hatazami mlango wa chumba chenu.

Jumamosi tunamaliza matanga. Ukoo wote utakuwepo, na katekista, na Mama Skola. Shangazi ameshasema tukitoka hapo mimi na mdogo wangu tupelekwe kunyolewa, kwa kuwa ni watoto wako.

Unanijua. Mwalimu alikuwa ananiuliza, "Petronila, sauti umeiacha nyumbani?" Lakini nakuahidi, kabla hawajagawa chakula nitasimama. Nitasema Mama hakukubali, hakujua, alikufa na ubatizo wake. Nitasema mwongo ni mimi. Wakinipiga wanipige. Kichwa changu sikipeleki, na cha mdogo wangu nitakikumbatia.

Pumzika, Mama yangu. Nikija mbele ya Mungu na wewe uko pale, sitaki iwe ndiyo mara yako ya kwanza kuyasikia haya, ndiyo maana nimekuandikia.

Ila nakuomba kitu kimoja. Mpaka Jumamosi mchana usimwambie mtu, hata huko uliko. Mungu anajua, wewe unajua, na mimi. Wengine nataka wasikie kutoka mdomoni mwangu.

Mwanao,
Nila