Sikio la Shemeji Nibaldo

Punta Arenas, 24 Julai

Dada yangu Edelmira,

Pokea salamu zangu, na mama umpe za kwake. Magoti yake yanaendeleaje? Anakula, au bado anasusia supu? Sisi huku tupo, ila mumeo ameumia. Alitukataza kukuandikia, eti utaacha kumuuguza mama. Usishtuke: anatembea, anakula nyama ya kondoo kama kawaida, na mdomo wake haujapumzika.

Mwezi uliopita tulipelekwa barabara ya kaskazini kuvunja barafu na kumwaga chumvi. Upepo siku hiyo haukuwa na huruma. Utaratibu wetu unaujua: tunapangwa wawili wawili, kila mtu amlinde mwenzake uso, maana anayegandishwa na baridi mwenyewe hasikii kitu. Ukiona ngozi ya mwenzako imegeuka nyeupe unapiga kelele, “Nyeupe!” naye anaingia kwenye lori kujipasha moto, hakuna ubishi.

Mimi nilipangwa na Nibaldo. Asubuhi vidole viliniuma, nikamwomba tuingie kwenye lori kidogo. Akawageukia wenzetu akasema, “Jamani, mleteeni shemeji yangu blanketi na chupa ya maziwa! Kwao mwanamume ni dada mtu!” Wakacheka wote, hata dereva. Nikarudi kuvunja barafu, nimefura kwa hasira.

Baadaye alipandisha kofia ili asikie magari yanayokuja, akasahau kuishusha. Tulipokaa kula mchana, sikio lake la kushoto lilikuwa gumu kama mshumaa. Nilimkimbiza hospitali. Madaktari walingoja wiki nne waone litakavyokuwa, na juzi wamekata nusu ya juu.

Anamwambia kila mtu kosa ni lake na kofia yake. Mimi ananisifu kwa kumwahisha hospitali. Jana ameomba akirudi kazini apangwe nami tena, kwa kuwa, anasema, hakuna macho anayoyaamini kama yangu. Nilitoka nje nikalia.

Dada, mimi niliona. Niliona doa jeupe, dogo kama ukucha, mapema kabla ya chakula. Neno lilinifika kooni nikalimeza. Nilijiambia, acha na yeye aionje baridi, kidogo tu. Nikaendelea kuvunja barafu huku nikimtupia jicho, na doa likizidi kupanda, na yeye anaimba. Hasira ilikuwa imeshaniisha zamani. Nilinyamaza kwa sababu ningesema, angejua nimechelewa kusema.

Naona aibu hata kuandika jina langu hapo chini. Jumapili nitakwenda nyumbani kwenu nimwambie mwenyewe. Akinifukuza, usinitetee. Akinisamehe, wewe usiharakishe.

Mama mbusu mikono, usimweleze haya. Watoto wasalimie.

Ni mimi mdogo wako,
Eleuterio