Sauti Yako Niliyokataa Kuisikia

Kwako mke wangu Rukia, uliyetangulia mbele ya haki,

Baada ya kukuombea rehema, nina heshima ya kukuarifu kwamba ombi lako lilitekelezwa jana, baada ya alasiri, hapa hapa nyumbani Kikwajuni.

Bila shaka unamkumbuka yule binti wa chuo aliyekuwa akitafiti huzuni za kina mama waliofiwa na watoto. Alipiga hodi, nawe ukamkaribisha kama unavyomkaribisha kila mtu: mkeka, kahawa, kashata. Alikusomea haki zako kwa utaratibu: waweza kukataa, waweza kujitoa wakati wowote, jina lako litafichwa. Ukajibu, "Haya, mwanangu, niulize." Akawasha kinasa sauti, nami nikatoka nikakae barazani, ili mpate faragha.

Asubuhi yake ulikuwa ukichagua mchele, hukuinua uso. "Yale ya jana nataka yafutwe."

Nikakuuliza, basi kwa nini uliridhia?

"We bwana! Mgeni keshakaa mkekani, kahawa yangu kanywa, ntamwambiaje sitaki?"

Ndipo nilipofahamu kwamba "haya" yako ilikuwa ya ukarimu, si ya ridhaa. Na binti yule, pamoja na uangalifu wake wote, hakuwa na njia ya kuzitenganisha. Kisha ukasema polepole, "Nimemwambia mambo ya Nasra wetu ambayo hata wewe sijakwambia."

Nilipoanza kutunga barua rasmi, ulinicheka. "Niondolee 'kwa heshima na taadhima' zako! Mwambie nshaghairi, basi."

Barua niliipeleka kwa mkono wangu. Binti akaahidi kuja kuyafuta mbele ya macho yako, lakini Mwenyezi Mungu akakuita kabla.

Tangu hapo, Rukia, nyumba imepata utulivu ambao sikuuomba. Zipo siku ambazo sauti yangu naisikia mara ya kwanza ninapoitikia adhana ya adhuhuri. Ya kwako sina popote, hukupenda kurekodiwa.

Jana binti alikuja, akaketi kwenye mkeka ule ule, akafungua kompyuta yake.

"Baba, nnakuona ulivyo peke yako. Ukitaka kumsikiliza kabla sijafuta, mimi sina neno. Wewe ndiye mrithi wake."

Nilitaka, Rukia. Wallahi nilitaka. Humo ndani ulikuwemo wewe, na Nasra, na yote uliyonificha kwa sababu unazozijua mwenyewe. Lakini nyumba hurithiwa, vyombo hurithiwa, ridhaa hairithiwi. Nikatafuta namna ya kulieleza hilo kwa ufasaha unaostahiki, na maneno yangu yote yakanikimbia. Likabaki neno lako.

"Keshaghairi, mwanangu. Futa."

Akabonyeza. Hapakusikika kitu.

Nakuaga, mke wangu. Tutakapokutana, kwa idhini Yake, habari za Nasra nitakuuliza mara moja tu. Ukinyamaza, nitakaa karibu yako vivyo hivyo.

Ni mimi mumeo,
Baba Nasra