Mstari Mweusi wa Mama Kulwa

Jumatatu, 14 Julai
Jeli ya tisa. Nyeupe pee, hakuna mstari wa protini. Nimechoka na hii maabara! RNA, nakala ya jeni, ninayoihangaikia ni ya duara, ncha zake zimeungana. Vitabu vilishasema ya duara haitengenezi protini. Mimi nasema inatengeneza, tena protini hiyo ndiyo inayochochea saratani ya titi. Basi ijionyeshe! Umeme nao umekatika mara mbili.

Jumanne, 15 Julai
Mstari mweusi! Protini ipo, kwenye kipande cha uvimbe wa mgonjwa wetu, Mama Kulwa. Nimepiga vigelegele hadi koridoni. Kumbe mwenyewe yuko pale kwenye benchi, katoka Usagara kupima damu kabla ya kemo, dripu yake ya dawa za saratani, ya Alhamisi. "Ni yangu hiyo, mwanangu?" Nikamjibu ndiyo mama, ni yako! Bosi anataka niwasilishe matokeo Ijumaa.

Jumatano, 16 Julai
Nimepima kipande kizima, kisicho na saratani. Mstari uleule. Kingamwili niliyoagiza ya kunasa protini yangu inanasa hata protini ya kawaida, maana zinafanana karibu kila mahali. Tofauti iko pale tu ncha zinapoungana. Ndipo nilipotakiwa kulenga, sikulenga. Mjinga mimi. Miezi sita imekwenda na maji.

Alhamisi, 17 Julai
Sista wa wodi kanifuata. Mama Kulwa hajaja kwenye kemo. Kasema kwenye simu kwamba maabara imeshapata dawa yake, kemo ya nini tena. Mungu wangu. Ni mimi huyo, na mdomo wangu!

Nimekwenda Usagara mbio. Nimemkuta anaanika michembe ya viazi, uso umechangamka. Nikamwamkia, nikamweleza yote: dawa hakuna, hata hiyo protini sina uhakika nayo. Akakaa chini.

"Kwa hiyo ile furaha haikuwa yangu."

Nimejichukia. Nikamwomba aje kesho, sista atampokea. Akainuka, akarudi kuanika michembe yake.

Ijumaa, 18 Julai
Nimewasilisha kosa langu mbele ya watu wote. Bosi kafura, eti nimemwaibisha. Na afure.

Saa tano nimepita wodini. Mama Kulwa yupo, dripu inadondoka. Shikamoo. Marahaba. Nikavuta stuli, nikakaa. Baadaye akanipa mkono usio na sindano, nikaushika mpaka chupa ikaisha.