Mkono Nilioupita

Section 58, Nakuru
Jumapili

Mama mpendwa,

Mwili wangu ni mzima, moyo ndio umechafuka. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la Longonot? Ng'ombe amezaa?

Mdogo wangu Wanjiku ameniambia ulipoona video nikitembea bila magongo ulipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Eti umeshatangaza kanisani kwamba nitaingia hivyo hivyo siku ya ruracio yake, wageni wakileta mahari. Mama, usimwambie mtu mwingine kwanza.

Mashine ya miguu tunayojaribishwa hapa kliniki hufungwa kwa mikanda kutoka kiunoni hadi kwenye viatu. Kwa kawaida naiongoza mimi. Nikiegemea mbele, inahisi paja langu likikaza, inasukuma mguu. Nikitulia, inatulia. Ni polepole, lakini hatua ni yangu.

Siku ya wafadhili, Brian, kijana anayeishughulikia, aliona nitawachelewesha. Akaanza kuiongoza kwa tableti yake bila kuniuliza. Mguu ukaondoka kabla sijaamua. Makofi! Kwenye mstari wa mbele alikaa mama mzee kukuzidi, mzazi wa mgonjwa mwenzangu Chebet. Akaninyooshea mkono. "Kuja nikusalimie, kijana yangu." Nikataka kusimama. Miguu ikakataa, ikanipitisha mbele ya mkono wake kana kwamba yeye ni nguzo ya stima.

"Brian, simamisha!"

"Tulia, boss. Kamera inachukua. Smile kidogo."

Hicho kicheko ulichokiona ni meno tu, Mama.

Wafadhili walipotoka nilifungua mikanda mwenyewe. "Lakini si umetembea?" Brian akauliza.

"Umetembea wewe. Mimi umenibeba kama gunia la viazi."

Akacheka! Nimemwambia sivai tena mpaka swichi ya kusimamisha iwe mkononi mwangu. Anasema wakubwa watafikiria. Wafikirie. Kwenye shajara yangu, chini ya tarehe hiyo, niliandika neno moja: uchafu.

Siku hiyo hiyo nilichukua magongo nikamfuata yule mama wa Chebet hadi getini. Mikono alikuwa ameificha ndani ya shuka. Nilipomsalimu aliniangalia miguu, kisha uso, ndipo akautoa mkono.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Msalimie Wanjiku, nyanya, na mjomba anayeniwekea kiti karibu na mlango. Siku ya ruracio nitakuja na magongo yangu. Nitachelewa kufika nyumbani kutoka barabarani. Msimtume mtu kunibeba. Wewe ninyooshee tu mkono, Mama. Nitasimama.

Ni mimi mwanao,
Karanja