Maharage Chini ya Kitanda

Karatu, Jumapili 13 Machi 1983

Hadi leo sikuwa nimemwambia mtu kwamba nataka kusoma kilimo chuo kikuu, Morogoro. Niliogopa baba angecheka.

Alhamisi nililoweka maharage chini ya kitanda kwa siri, nione kama yaliyohifadhiwa kwa majivu yanaota vizuri kuliko mengine. Leo nimerudi kutoka kwaya nikamkuta baba ameyaanika yote juani, yamechanganyika.

"Paa linavuja chumbani kwako, mama," akaniambia. "Maharage yalilowa, yalishaanza kuota. Nimeyaokoa."

Nilitaka kulia. Kisha nikaona ametandika koti lake la kanisani, yasiguse udongo. Nikamwambia yote, hata Morogoro.

"Kumbe nimekuharibia kazi."

"Ndiyo, baba."

"Na wasichana wanasoma kilimo huko?"

"Sijui."

"Basi utaniambia ukifika."

Akaingia ghalani, akatoka na maharage ya majivu mkono wa kulia, yasiyo na majivu wa kushoto. Aliyashika hivyo hivyo, bila kusogea, mpaka nikaleta sahani mbili.

Nimeyaloweka upya. Safari hii nimeyaweka mezani.